Miaka 4 ya kulea, halafu MBA: niifiche?

SWALI: Nina miaka 36. Nilifanya kazi benki miaka 7, upande wa mikopo ya biashara, nikaacha miaka 4 iliyopita kulea watoto wawili, baadaye nikamuuguza mama. Sasa nataka kuomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Kuna kaka mmoja anasaidia watu maombi, kaniambia hiyo miaka 4 niandike nilikuwa na kampuni yangu ya ushauri, na barua za kunipendekeza atazishughulikia yeye. GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA, nilifanya 2018. Naogopa pengo litaniangusha, nishauri.

JIBU: Dada, la GMAT tulimalize kwanza maana ni fupi. Matokeo yanadumu miaka 5 tu, ya 2018 yameshakufa, utarudia, na mtihani wenyewe umebadilika tangu mwishoni mwa 2023: sehemu tatu za dakika 45 kila moja, insha hakuna, jiometri hakuna, alama zinaanzia 205 mpaka 805. Ukipata 645 usidhani umeshuka, hiyo inakaribiana na 700 ya zamani. Na kaza upande wa hesabu, maana alama nzuri pale inawatoa wasiwasi watu wa udahili kuhusu miaka 4 uliyokaa mbali na mafaili.

Sasa huyo kaka. Kila msimu napata watu kama wewe na karibu wote wameshapitia kwa mtu wa aina hiyo kabla hawajanifikia, wameaminishwa kwamba pengo ni dhambi ya kufichwa. Jamani! Watu wa udahili wanasoma habari za waliopunguzwa kazini, walioumwa, waliolea, ndiyo kazi yao kila mwaka, na fomu nyingi zina sehemu ya maelezo ya ziada kwa ajili ya mambo kama hayo hayo. Chuo cha biashara cha INSEAD wamekuwa wakiuliza kabisa, kama kwa sasa huna kazi unafanya nini na utafanya nini mpaka masomo yaanze. Sasa mtu aliyeuliza mwenyewe atashtuka nini ukimjibu?

Kinachoua ni hiyo kampuni hewa. Ukishaiandika fomu inataka tarehe, cheo, kipato, wakati mwingine na idadi ya watu uliowasimamia, kwa hiyo uongo mmoja unazaa mingine sita hapo hapo. Halafu intavyuu, mtu anakuuliza kwa utaratibu tu, mteja aliyekusumbua zaidi alikuwa nani na mlimalizanaje. Utajikanyaga. Na hata ukipenya, vyuo vingi vikishakupa nafasi vinakagua upya ulichoandika, wanatafuta waajiri, wanaomba vithibitisho, na wakikuta kampuni haipo nafasi inaondoka hata kama umeshaanza darasa, kwa sababu ulitia sahihi kwamba yote ni kweli.

Barua ndiyo kabisa. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi inamwuliza anayekupendekeza ni ushauri gani mzito wa kukurekebisha aliwahi kukupa, ilikuwaje, na uliupokeaje. Huyo kaka atayajua wapi hayo? Anayeyajua ni bosi wako wa benki. Miaka 4 si mingi, mtafute, mwandikie ukurasa mmoja wa kumkumbusha mikopo mliyohangaika nayo pamoja, akaandike mwenyewe, na wewe kwenye maelezo ya ziada weka mstari mmoja kwamba bosi wa sasa huna.

Ila usikimbilie upande wa pili nao, kuna wanaojiita "mkurugenzi mtendaji wa familia" na kueleza bajeti ya nyumbani kama ripoti ya benki. Hapana. Sema tu: niliacha mwezi fulani kulea, kisha kumuuguza mama, sasa mambo yamekaa sawa na niko tayari. Kama ulisaidia hesabu za kikundi au ulisoma kozi, ongeza. Sentensi nne tano zinatosha, bila kuomba msamaha, nguvu uzipeleke kwenye ile miaka 7 na unachotaka kufanya baadaye, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Na kabla ya kuomba EMBA, ile MBA ya watu wenye uzoefu mrefu kazini, kwa sababu ya umri, soma masharti, nyingi zinataka mtu aliye kazini.

Hawa wasaidizi kwa kweli wananichosha. Anayekuuliza maswali mpaka unachoka halafu anakurudishia insha uandike upya mwenyewe, huyo anafanya kazi. Anayekuonyesha insha "iliyowahi kupita", jua ameshaiuza kwa wengine, na vyuo vina programu za kulinganisha maandishi. Anayekuahidi nafasi hana nafasi ya kutoa. Na anayetaka paswedi ya akaunti yako ya maombi ili "akujazie", kama umeshampa, ibadilishe leo, ingia usome kila kilichojazwa, hasa ile sehemu ya kazi, kabla hajabonyeza kutuma kwa jina lako.