Jibu: Kwa nini manowari kubwa hazikutosha kuwamaliza maharamia wa Kuba

Ndugu, umeuliza kwa nini Marekani, iliyokuwa na manowari zenye mizinga mingi, ilitaabika kuwadhibiti maharamia wa pwani ya Kuba katika miaka ya 1820. Tatizo lilikuwa kina cha maji kuliko wingi wa mizinga: maharamia hao walishambulia kwa mashua ndogo karibu na nchi kavu, kisha wakakimbilia kwenye ghuba zenye maji machache na mikoko, ambako meli kubwa ingekwama. Novemba 1822 Luteni William Allen wa jeshi la majini la Marekani aliuawa karibu na Matanzas alipowaendea kwa mashua za makasia.

David Porter, kamanda wa jeshi hilo la majini aliyefika na kikosi kipya mwaka 1823, alikuja na skuna (meli za matanga) nane ndogo, mashua tano za makasia (zilizopewa majina ya wadudu wasumbufu, mbu akiwa mmojawapo) na Sea Gull, meli ya mvuke ambayo haikulazimika kungoja upepo. Hapo ndipo maharamia walipoanza kufuatwa hadi mafichoni. Hata hivyo, katika kambi yake ya Key West, kisiwa cha Florida, homa ya manjano iliwaua mabaharia wengi, na Porter mwenyewe aliugua vibaya.

Kilichomponza ni hasira. Novemba 1824 alishusha askari Fajardo, Puerto Rico, koloni la Uhispania, akidai aombwe radhi kwa kuwa ofisa wake alikamatwa huko. Mahakama ya kijeshi ilimsimamisha kazi miezi sita. Akajiuzulu mwaka 1826 na kwenda kuongoza jeshi la majini la Meksiko.