Kuku wananyonyoana manyoya bandani: usikimbilie kukata midomo

Mkuu, umesema una matetea 30 wa mayai, unawafungia kutwa kwenye chumba cha futi 6 kwa 8 nyuma ya nyumba, mikia na migongo imebaki ngozi tupu, wawili wanatoka damu na jirani kakwambia dawa ni kukata midomo tu. Hilo la midomo naomba lisubiri kwanza. Mimi nafuga uani hapa Morogoro, chotara na wa mayai, na hii shida imeshanipitia bandani zaidi ya mara moja, kwa hiyo nivumilie nitaandika kwa urefu.

Hao wawili wenye damu watoe leo leo, usisubiri kesho. Kuku akiona wekundu anaufuata, mmoja akidonoa wenzake wanaiga, na kidonda kikiwa karibu na njia ya yai unaweza kukuta asubuhi wamemvuta mpaka utumbo. Waweke sehemu wanayoona wenzao kwa wavu, ukiwatoa kabisa machoni siku ya kuwarudisha wanapigwa kama wageni. Osha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha, alafu pulizia ile dawa ya bluu ya vidonda inayouzwa maduka ya mifugo, inatibu na pia inaficha ule wekundu. Muulize muuzaji mayai yao usiyale kwa siku ngapi.

Baada ya hapo subiri usiku wakishatulia, chukua tochi ya simu, kamata mmoja mmoja uangalie kipara kiko wapi, maana hapo ndo utajua unapambana na nini. Kikiwa shina la mkia na juu yake kidogo mgongoni, hao wanadonoana. Kikiwa chini ya tumbo kuzunguka sehemu ya haja, na kwenye mashina ya manyoya kuna vitu vyeupe vimegandana, hao ni chawa, tafuta dawa ya unga ya kuua wadudu na ubadilishe maranda. Kama unafuga na jogoo na kipara kiko kisogoni na mgongoni, ni kupandwa huko, jogoo mmoja na majike wachache anawamaliza wale anaowapenda. Kuku akiwa anapukutisha mwenyewe kwa umri, mara nyingi inaanza kichwani na shingoni kushuka chini, na manyoya utayakuta yamezagaa. Hili la sakafu mimi naliangalia sana: kuku wamebaki vipara lakini kwenye maranda huoni unyoya, ujue wanayala.

Sasa kwa nini wanakula manyoya. Mwangalie kuku wa kienyeji anayezurura mtaani, kutwa nzima anaparua na kudonoa, jani hapa, mdudu pale, punje kule, mdomo hauna nafasi ya kufikiria mwenzake. Wako wanakuta chakula kimejaa, wanashiba mapema na siku bado ndefu, hamna cha kuparua, na ule mdomo lazima ufanye kazi, kazi iliyo karibu ni mkia wa jirani. Ndo maana nasema kukata midomo unapunguza ukali wa jeraha tu, ile hamu ya kudonoa iko palepale, na kuku wakubwa wanaotaga ukiwakata wanaumia, wanakula kwa shida na mayai yanashuka. Wanaokata kwa utaratibu wanakata vifaranga wa siku 7 mpaka 10 na anakata mtu aliyefundishwa, sio wewe na wembe uani.

Kwa hiyo wape kazi. Maranda yawe makavu na ya kutosha, yakigandamana yageuze kwa reki au toa weka mapya, kuku haparui sakafu ngumu yenye unyevu. Jioni rusha viganja kadhaa vya mtama au mahindi ya kuparaza humo humo kwenye maranda, watatafuta mpaka giza liingie. Alafu funga kabichi au fungu la mchicha kwa kamba lining'inie usawa wa kichwa chao, usilitupe chini, likiwa chini linaisha sasa hivi ila likining'inia wanalirukia muda mrefu. Kwangu hii ya kuning'iniza majani naiona ndo yenye nguvu kuliko zote na ni bei ya mboga ya buku. Na kama unawapa chakula cha punje zilizogandamizwa, rudi kwenye unga, unga wanakula taratibu.

Upande wa chakula chenyewe, unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo chakula kikiwa dhaifu wataitafuta kwa wenzao. Kuku wa mayai anataka protini asilimia 16 mpaka 18, na bei ikipanda watu wengi wanaongeza pumba wanapunguza dagaa na mashudu, ndo balaa linapoanzia. Kuna kipindi duka ninaponunua walibadilisha mchanganyiko bila kusema, mayai yakawa madogo, mara mikia ikaanza kuisha, nikachukua kiganja cha chakula nikakoroga kwenye glasi ya maji, mchanga ukakaa chini tele, dagaa walikuwa na mchanga. Fanya hicho kipimo cha glasi kila ukinunua gunia jipya. Chumvi nayo isikosekane, kwenye kilo 100 za chakula gramu 250 mpaka 500, isizidi, na kama dagaa wako ni wa chumvi punguza, chumvi nyingi inaua kuku.

Nafasi yako ni finyu mkuu. Futi 6 kwa 8 ni kama mita za mraba nne na nusu, kuku 30 hapo ni karibu 7 kwa kila mita, na hawatoki nje. Ningekuwa mimi ningewazungushia wavu hapo nje hata kieneo kidogo cha mchana, au ningeuza baadhi nibaki na 20. Kiota kimoja kwa kuku watano, na kiwe na giza, weka pazia la gunia, kwa sababu tetea akitoka kutaga ile sehemu inakuwa bado nyekundu na imechomoza, akitagia kwenye mwanga wenzake wanamwona. Fito za kulalia zipandishe futi mbili hivi, zikiwa chini sana waliosimama sakafuni wanawadonoa kwa nyuma wale waliokaa. Jua kali linaloingia dirishani lizibe kwa gunia ila hewa ipite, na taa usiiache iwake usiku kucha.

Kingine, kaa nje ya banda uangalie bila kuwashtua. Mara nyingi wanaoanzisha ni mmoja au wawili, na utawajua kwa urahisi, wao manyoya yao yote yapo yanang'aa. Mtenge huyo kwa muda, akirudi anakuta wenzake wameshapanga ubabe wao na yeye anaanzia chini.

Usitegemee mikia irudi wiki hii. Unyoya uliong'olewa mzima unaota tena ndani ya wiki kadhaa, uliokatikia katikati unabaki kigutu mpaka kuku apukutishe. Na vile vinyoya vichanga vikianza kuchomoza vina damu ndani, vinawavutia wenzao upya, kwa hiyo hata ukiona wametulia usiache kuning'iniza majani mpaka vimefunguka na kukomaa. Tuma picha ya mgongo wa mmoja na uandike chakula unachanganya nini na kwa kilo ngapi, tuone kama protini inatosha.