Ukisaini, umeridhia? Jibu kwa binti wa Kisumu anayefunza mashine

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni binti wa miaka 26. Nyumbani ni upande wa Mumias lakini naishi Kisumu, Manyatta. Nilimaliza chuo kikuu Maseno nikakosa kazi, na sasa nafanya kazi za mtandaoni. Nafunza programu za akili unde: nachora mstari kuzunguka kila mtu, kila ng'ombe, kila gari kwenye picha, au naonyesha maneno yapi ni matusi. Usiku huja foleni nyingine za kazi, za video za watu kupigwa na kuuawa, na za uchafu nisioweza kuutaja. Hizo zinalipa zaidi kidogo. Malipo ya kawaida hayafiki shilingi 200 kwa saa, na taski, yaani kipande kimoja cha kazi, ikikataliwa hailipwi, wala hatuambiwi kosa ni lipi. Mkataba unanikataza kumweleza mtu yeyote, hata mzazi. Kwa pesa hii nalipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu. Nilipolalamika kwenye darsa letu, ustadh alisema nilisaini kwa hiari yangu, riziki inatoka kwa Allah, na kunung'unikia mshahara ni kukufuru neema. Alisema dini huangalia kama kazi ni halali au haramu, basi. Ujira ni mambo ya soko. Je, ni kweli? Na pesa yangu ni halali? Tena naogopa kwamba mashine hii ninayoifunza ndiyo itakayomnyima kazi huyu mdogo wangu.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, swali lako limeninyima raha. Hukumu yenyewe si ngumu. Kilichonikera ni jibu ulilopewa, kwa sababu nimelisikia hata kwenye mimbari, na wanaofurahi wakilisikia ni wale wenye kulipa, si wenye kulipwa.

Nikutulize kwanza. Kuchora mipaka kwenye picha za barabarani, kupanga maneno, kusahihisha tafsiri, hiyo ni kazi yenye manufaa ya halali, na ujira wake ni halali kwako. Kula, lipa kodi, lipa karo, toa sadaka, wala usimsikilize anayekuambia kila kompyuta ni ya Dajjal. Foleni ya usiku ina maneno yake, nitaifikia.

Sasa turudi kwa ustadh. Hoja yake ina aya na ina hadithi, kwa hiyo haifai kumjibu kama mtu asiye na dalili. Aya ni ya Suratun Nisaa (4:29): tusiliane mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Hadithi ni ya Anas: bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, akakataa akasema Allah ndiye mwenye kupanga bei. Wanaoipenda hadithi hii huikatia hapo. Wangeifikisha mwisho wangemkuta Mtume akisema anatumaini kukutana na Allah pasipo mtu yeyote kumdai dhuluma, ya damu wala ya mali. Alikataa kwa kuiogopa dhuluma. Vipi neno lililosemwa kwa kuikimbia dhuluma ligeuzwe kuwa ngao ya dhalimu?

Na hiyo ridhaa, ni ridhaa gani? Mtume alikataza kuwaendea wasafiri njiani kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na katika riwaya ya Imam Muslim akasema kwamba mwenye bidhaa akishafika sokoni ana hiari, akitaka auvunje uuzaji ule. Tazama vizuri. Yule mtu wa bara alikubali. Pesa aliipokea kwa mkono wake, hakuna aliyemwekea upanga shingoni. Ila alikubali bila kuijua bei ya soko, na mnunuzi alikuwa akiijua, tena alimwahi njiani makusudi asije akaijua. Sheria ikampa haki ya kurudi nyuma. Haya sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tumeyasoma chuoni tukiwa wadogo. Kama kila "nimekubali" ingetosha, katazo hili lingekuwa na maana gani?

Basi lete jambo hilo kwenye zama zetu. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliosoma na kupanga maandishi machafu ili programu ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyakwepa. Walikuwa wakibakiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba kati ya OpenAI na kampuni ya Sama, iliyowaajiri, ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilijitetea kwamba kiasi hicho kilibeba gharama zote, za miundombinu, za wasimamizi na za wakaguzi wa kazi. Huenda. Lakini kijana yule aliposaini, nani alimwonyesha hesabu hiyo? Alikutwa njiani, kabla ya soko. Na anayekutwa njiani akiwa na njaa ana udhuru mkubwa zaidi. Iko hadithi ya Ali katika Abu Dawud inayokataza kununua kutoka kwa aliyebanwa na dhiki. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu na siijengei hukumu, ila wanavyuoni waliichukua maana yake wakachukia mtu kuigeuza dhiki ya mwenzake kuwa faida.

Kauli iliyoniudhi zaidi, hata hivyo, ni kwamba ujira ni mambo ya soko na dini isiingie. Kauli hiyo ina wenyewe, na Qur'ani imewataja. Nabii Shuaib aliwaambia watu wa Madyan watimize kipimo na mizani, wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wakamjibu (Hud, 11:87): Ewe Shuaib, ni sala zako zinazokuamrisha tuyaache waliyoyaabudu baba zetu, au tuache kufanya tutakavyo katika mali zetu? Waliona ajabu sala ya mtu iguse mizani ya sokoni. Kwao sala ilikuwa jambo lake na mali ilikuwa jambo lao. Allah alimtuma Nabii auvunje ukuta huo, na leo naambiwa unajengwa upya ndani ya darsa, na mwalimu wa dini, mbele ya mabinti wanaodhulumiwa. Namwogopea ustadh. Hakukusudia, lakini maneno aliyoyasema ni ya Madyan, si ya Shuaib.

Wewe ni mtoto wa ukanda wa miwa, jambo hili unalijua kuliko mimi. Mkulima hupeleka miwa kwenye mizani ya kiwanda. Uzito unasomwa na mwenye kiwanda, usafiri unakatwa, mbolea inakatwa, mbegu inakatwa, kisha siku nyingi baadaye anapewa karatasi yenye kiasi alichokiamua mwingine. Naye pia alisaini. Taski inayokataliwa bila kuambiwa kosa ni mizani hiyohiyo, tofauti yake ni kwamba yako huioni hata kwa macho.

Hapa natoa hukumu bila kuzungukazunguka. Kazi ikiwa kweli ina kasoro, mwajiri ana haki ya kukuonyesha kasoro na kukutaka uirekebishe. Lakini akiikataa asikulipe, asikwambie sababu, kisha akaihifadhi na kuitumia, huyo amekula jasho lako. Katika Bukhari, Allah anasema ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hakusema "isipokuwa mkataba uwe umeruhusu". Mtume amesema Waislamu wako kwenye masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Sharti la kula kazi ya mtu bure ni la kutupwa.

Watasema mwenye kazi yuko Marekani, huyu wa hapa ni wakala tu, na jukwaa si mwajiri wa mtu. Ndivyo biashara hii ilivyopangwa: kila mmoja amnyooshee kidole mwenzake, na mfanyakazi asimpate wa kumshika. Faida nayo inawasukuma kwenda palipo na vijana wengi wenye elimu na wasio na kazi, na kuondoka pakipatikana pa bei ya chini zaidi au maswali yakizidi. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani ya Scale AI, liliwafungia wafanyakazi wa Kenya ghafla. Mtu aliamka akakuta kazi haipo. Katika fiqhi yetu wakala hufanya kwa niaba ya aliyemtuma, na aliyemtuma hatoki kwenye dhima kwa kukaa mbali. Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo, Septemba 2024, ilikubali kwamba Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa hapa nchini na wachujaji wa maudhui, wale wanaokagua na kuondoa mabaya mtandaoni, waliokuwa wameajiriwa kupitia kampuni nyingine. Wakili asiyenukuu hata aya moja amefika mahali ambapo ustadh wetu amekataa kufika.

Foleni ya usiku. Kutazama uchi na uchafu wa watu ni haramu kwa asili, na malipo hayaubadilishi. Wanavyuoni walimruhusu tabibu atazame, na shahidi atazame, kwa kadiri ya haja tu. Anayechuja ili mtoto wa mtu asiyakute hayo kwenye simu anaweza kupata nafasi katika mlango huo, na siwahukumu walio katika kazi hiyo. Ila wewe hujaambiwa video zinakwenda wapi, kuifunza mashine iuzuie uchafu au iutengeneze. Katika madhehebu yetu, anayemuuzia zabibu mtengeneza mvinyo, akijua ni haramu, akishuku ni makuruhu. Wewe unashuku, na juu ya shaka hiyo kuna kutazama kwenyewe. Za uchafu ziache leo. Za damu si haramu kwa jinsi ileile, lakini zinakula moyo wako na usingizi wako, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Alimwambia pia Abdullah bin Amr kwamba jicho lako lina haki juu yako, na hapo alikuwa akimpunguzia ibada! Kama ibada ya usiku ilipunguzwa kwa ajili ya jicho, foleni ya video za mauaji itasemaje? Ziache nazo mara tu utakapopata cha kuziba pengo la karo, na usiache kukitafuta.

Kama tayari huziepuki kichwani hata ukifunga macho, nenda hospitali. "Russia", hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iko hatua chache kutoka hapo ulipo. Omba kumwona daktari wa afya ya akili, umwambie ulichokiona. Ruqya, kisomo cha kinga, soma, adhkari za kulala usiziache, na daktari umwone, hakuna mgongano. Na sharti la kutomwambia hata mzazi? Siri za kazi za kampuni zitunze, hiyo ni amana. Maumivu yako si siri ya kampuni. Mwambie mama kwamba kazi inakuumiza. Hahitaji jina la mteja ili akushike mkono.

Kuhusu mdogo wako na mashine, sikwambii usiogope, maana hofu hiyo ina msingi. Lakini usijibebeshe mzigo usio wako. Kuonyesha mashine ng'ombe ni yupi na gari ni lipi si kosa, na elimu hii isingefungwa kwa wewe kuikataa. Swali la haki ni mali inayotoka humo inakwenda kwa nani. Allah aligawa fai, mali iliyopatikana kwa adui bila vita, na kutaja sababu yake (al-Hashr, 59:7): ili mali isiwe ikizunguka baina ya matajiri wenu tu. Vijana wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wakiifunza mashine kwa ujira wa kubanwa, kisha mashine hiyohiyo ikauziwa nchi yao kwa dola, aya hiyo inatuhoji sote: wabunge, magavana, na hata sisi wenye kamati za misikiti ambao huchangisha kwa ajili ya mazulia lakini hatujawahi kununua kompyuta kumi na intaneti ili vijana wetu wajifunze kutengeneza badala ya kuchora mistari tu. Mdogo wako usimlipie karo peke yake. Kaa naye jioni umweleze kazi yako inavyofanyika, mashine inakosea wapi na kwa nini.

Na Mwislamu yeyote anayesimamia ofisi ya kazi hizi mjini, akisoma haya, amkumbuke yule mzee aliyemwajiri Musa kuchunga mifugo. Kabla ya mkataba kukamilika alimwambia (al-Qasas, 28:27): sitaki kukutaabisha. Atazame mikataba yake kama ina neno hilo.

Wewe anza kuandika kila taski iliyokataliwa, tarehe yake, saa ulizotumia, na upige picha ya skrini. Waambie wenzako wafanye vivyo hivyo, kisha muandike malalamiko kwa pamoja. Mmoja hunyamazishwa kwa kufungiwa akaunti. Mei 2023 wachujaji wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakakubaliana kuunda chama chao, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza. Kudai haki si kukufuru neema. Mtu mmoja alimdai Mtume kwa maneno makali, Masahaba wakataka kumshika, akasema: mwacheni, mwenye haki ana neno la kusema.

Jibu hili mpelekee ustadh, kwa adabu, si mbele ya watu. Akiwa na dalili nyingine aniandikie, nami nitamjibu.

Wallahu aalam.