Mtoto wa kidato cha kwanza anayenuna kila jioni: anzeni na hesabu ya usingizi

Mleta mada, umesema mwanao ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza shule ya kutwa hapo Dar. Zamani alikuwa msemaji, sasa akirudi anabamiza mlango, anajibu "sijui" au anasonya, na kila jioni mnagombana juu ya vyombo na simu. Baba yake anataka fimbo, wewe unafikiria bweni. Kabla ya yote mawili, chukua kalamu upige hesabu ya usingizi wake.

Mtoto anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwenda kusoma katikati ya mji huamka saa kumi na nusu alfajiri, kwa sababu akichelewa kidogo makonda wanaanza kuwakwepa wanafunzi na nauli yao ndogo. Akiwa amelala saa tano usiku, amepata masaa matano na nusu. Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji masaa 8 hadi 10. Hata ukichukua kiwango cha chini, anadaiwa masaa mawili na nusu kila siku, na ikifika Ijumaa deni ni masaa 12 na nusu. Huo ni zaidi ya usiku mzima wa kukesha. Mtu mzima mwenye deni hilo hasalimiki vizuri, sembuse mtoto.

Tena hajitakii. Balehe huchelewesha saa ya mwili: homoni ya usingizi inapanda usiku zaidi kuliko alipokuwa darasa la tano, kwa hiyo yule aliyesinzia saa mbili sasa ana macho makavu hadi saa nne au zaidi. Ukimwamuru alale saa mbili atagaagaa na mtagombana bure. Vuta robo saa tu: wiki hii taa izimwe robo saa mapema, baada ya siku tatu ongeza robo nyingine, mpaka mfike saa tatu na nusu hivi. Jumamosi na Jumapili muache alale zaidi, lakini asizidishe masaa mawili juu ya kawaida, maana akilala hadi saa sita mchana Jumapili, usiku wake hatapata usingizi na Jumatatu ndiyo siku ya vita.

Simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na simu za wazazi zilale pale pale. Sheria ya mtoto peke yake haifiki wiki mbili. Atasema anahitaji simu kwa ajili ya alamu. Mnunulie saa ya mezani, hoja iishe.

Jambo la pili ni njaa. Wengi hunywa chai asubuhi bila kitu cha maana, mchana wanakula mihogo ya kukaanga au wanabana ile hela, na wanafika nyumbani saa kumi na moja jioni tumbo tupu. Hapo ndipo mama anauliza, "Mbona kaptula chafu hivyo? Daftari la Hesabu liko wapi?" Mgomvi hapo ni tumbo. Weka sheria kwako mwenyewe: akiingia, salamu, maji, chakula ndani ya dakika 20 (kiporo cha wali na maharage, viazi vitamu, ndizi, uji mzito), halafu lisaa lizima hakuna swali la shule wala la kazi. Jambo hili peke yake hupunguza ugomvi wa jioni kuliko mawaidha ya mwezi.

Kwa wenye mabinti, ongezeni hesabu ya damu. Binti aliyevunja ungo anapoteza madini ya chuma kila mwezi, na akipungukiwa anakuwa mchovu, mkali, hasikii raha ya kitu. Tazama ukope wa chini kwa ndani na viganja kama vimepauka, na uliza kama anakula udongo au mchele mbichi. Mpeleke apimwe, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita inahitaji tiba. Chakula chake kiwe na dagaa, maini, maharage, na mboga za majani zikisindikizwa na chungwa au embe. Chai ya rangi au ya maziwa isinywewe pamoja na mlo, maana inazuia madini hayo yasifyonzwe. Ikae mbali kwa saa moja hivi. Pia mwekee kalenda. Mabinti wengi hununa zaidi siku chache kabla ya hedhi, na akijua hivyo mwenyewe haoni kama anaharibikiwa.

Sasa hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanapapita: lugha. Kama mwanao alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mwaka huu masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua alifundishwa zamani, akaelewa, pengine akapata vyema zote. Leo kitu kile kile kiko ubaoni kwa neno la Kiingereza lenye herufi 14 na hakitambui. Aliyekuwa wa tatu darasani anakuwa wa arobaini, na hana namna ya kukwambia, kwa sababu nyumbani anajulikana kama mtoto mwenye akili. Dalili yake ni hii: hasira inalipuka ukigusa daftari, na siyo ukigusa kitu kingine. Hapo usimuulize "umepata ngapi". Kaa naye dakika 20, akueleze mada kwa Kiswahili kwanza, halafu achague maneno kumi ya Kiingereza ya mada hiyo na kuyaandika pembeni kwa maana yake. Kumi kwa siku, siku tano, ni maneno 50 kwa wiki. Kufikia mtihani wa kidato cha pili ana akiba kubwa.

Ugomvi wenyewe una mahali unapoharibikia, nao ni mlangoni. Amebamiza, wewe umemfuata ndani, unaongea umesimama yeye amekaa, wadogo zake wanasikiliza. Akinyamaza anaonekana ameshindwa mbele ya wadogo zake, kwa hiyo anajibu, na jibu linakuwa baya. Usimfuate. Subiri nusu saa, mwite peke yake, kaa chini, sema sentensi moja kuhusu tendo na moja kuhusu kinachofuata: "Mlango ukibamizwa tena, kesho simu haitoki. Kununa ruksa, kutusi hapana." Kisha nyamaza. Usimfungulie faili la mwaka jana, usimtaje mtoto wa jirani, na usiseme "ngoja baba yako aje", kwa kuwa ukisema hivyo umetangaza kwamba neno lako halina nguvu na umemfanya baba kuwa askari.

Adhabu iwe fupi na ijulikane kabla ya kosa. Simu siku moja, siyo mwezi. Ukimnyima mwezi mzima, kuanzia siku ya tatu hana tena cha kupoteza, na wewe huna tena cha kumshikia. Sheria ziwe tatu au nne tu: vyombo vioshwe kabla ya saa mbili, hakuna matusi, aseme anakokwenda, simu saa tatu sebuleni. Soksi na nywele ziache zipite kwanza. Na jiandae: siku kumi za mwanzo atazidisha ili aone kama mtalegea. Wengi hukata tamaa siku ya sita na kusema njia haifanyi kazi.

Kuongea naye kwa kutazamana uso kwa uso hakusaidii umri huu, ni kama polisi. Mpe kazi ya mikono pembeni yako, kuchambua mchicha, kukuna nazi, kufua, halafu uliza kitu kidogo: "Leo kipindi gani kilikuwa kirefu?" Akikaa kimya, usijaze ule ukimya. Maneno huja mkiwa mmefika katikati ya fungu la mchicha.

Mpe pia mtu mzima mwingine. Wazee wetu hawakuwaachia wazazi peke yao umri huu, kulikuwa na somo na kungwi, na babu na bibi walikuwa na utani na mjukuu uliomruhusu kusema asichoweza kumwambia mama. Tafuta mjomba, shangazi au babu anayempenda, na mkubaliane kwamba hatakuletea umbea, isipokuwa pakiwa na hatari.

Hatari ni hizi: huzuni au hasira ya kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ameacha hata mpira alioupenda, anajikatakata, ana zawadi au simu asiyoeleza imetoka wapi, anaogopa njia fulani, bodaboda fulani, au ndugu fulani anapokuja. Muulize waziwazi, kwa sauti ya chini: "Kuna mtu anakugusa au anakutisha?" Na akitamka kitu kama "bora nisingekuwepo", muulize kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, fungia dawa zote na sumu ya panya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia.

Kuhusu fimbo: itamnyamazisha, na kuanzia hapo hata yale ya hatari hatakwambia. Kuhusu bweni: likija katikati ya ugomvi atalielewa kama kufukuzwa nyumbani, na deni la usingizi na Kiingereza ataenda nalo huko huko. Andika saa zake za kulala na kuamka kwa siku saba kuanzia leo, na alichokula aliporudi, kisha ulete mrejesho hapa tuendelee.