Peleka Karatasi Kabla Mswada Haujapita

Juzi kijana mwenye kiwanda kidogo cha maziwa Kisumu aliniandikia: "Dada, sisi wadogo tutasikilizwa lini, na kampuni kubwa ndizo zinazotunga sheria?" Mdogo wangu, tutasikilizwa. Sisi waokaji wa Nakuru mwaka jana tulishusha ada katika kaunti jirani tunakouza mikate, na hadi leo najivunia.

Mwaka uliotangulia, kaunti hiyo ilitaka kupandisha ada ya magari ya kusambaza bidhaa. Kwenye kikao cha umma wenzetu walilalamika hadi sauti zikawakauka. Mimi nilikuwa namtazama wakili wa kampuni moja ya vinywaji. Alisema machache, kisha akamkabidhi karani wa kamati karatasi: namba ya kifungu, sababu za kukipinga, na maneno ya kuweka mahali pake. Sheria ilipotoka, yeye alipata alichotaka. Sisi tukalipa.

Mswada uliofuata ulitukuta tumeungana. Tulipiga hesabu ya kile ambacho ada ile inaongeza kwenye bei ya kila mkate, tukaandika memoranda, yaani maoni yetu kwa maandishi, tukaiwasilisha mapema, tukaomba kuonana na kamati ya fedha. Ada ikashuka. Waliokataa hata kuchanga nauli ndio sasa wanaosimulia ushindi ule sokoni, na inaniuma.

Nairobi pia mambo huenda hivyo. Chama cha wenye viwanda, KAM, na muungano wa sekta binafsi, KEPSA, hupeleka mapendekezo yao kila Mswada wa Fedha, ule wa kodi na ada, unapoletwa bungeni. Mwaka 2024, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate ilipingwa na wenye viwanda na wananchi vilevile, ikaondolewa tarehe 18 Juni, siku chache kabla ya maandamano yaliyomfanya Rais akatae kutia saini mswada wote.

Basi soma mswada mwenyewe. Taja kifungu, andika maneno mbadala, nenda na wenzako. Narudia: usome mwenyewe, usingoje kusimuliwa! Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma, kwa hiyo huendi kuomba hisani. Hongo usitoe. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inaibana hata kampuni, na aliyepokea leo kesho atadai zaidi.

Bunge la kaunti hupitisha Mswada wa Fedha ndani ya siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi. Bajeti ikishapita tu, anza kumtafuta karani.