Usiuze CG ya Baba Yako

Kijana mmoja wa Dodoma ameniuliza kama auze pikipiki ya Honda CG125 aliyoachiwa na marehemu baba yake, maana fundi amemwambia mkweche huo utammalizia hela. Mdogo wangu, usiuze. Juzi nimepanda mlima Kitonga na yangu, mama watoto nyuma, begi kwenye keria, malori yanahema pembeni yetu, na haikukohoa hata mara moja. Walionicheka kijiweni nilipokuwa naikokota kwenda gereji bado nawakumbuka, mmoja mmoja.

Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, wanaobeba mizigo mizito na kuchelewesha sevisi. Valvu husukumwa na fito, siyo cheni ya ndani, na ile cheni ya nyuma wakaifunika yote isile vumbi. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hiyo, ndiyo maana spea hazisumbui.

Uimara huo ndio umewaponza wengi, wakazembea sevisi. Injini haina filta ya oili ya karatasi, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu, basi. Kwa hiyo badilisha oili mapema. Inaingia kama lita moja tu! Imwage injini ikiwa ya moto, na ununue kopo lenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki, kwa sababu baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, ziseti injini ikiwa imepoa, kwa fila (kibati cha kupimia) ya 0.08 mm, valvu zote mbili. Fundi anayeseti kwa kusikiliza mlio usimpe pikipiki. Na usiondoke gereji: mmoja alinitolea kabureta orijino akafunga feki nilipotoka kunywa chai. Mpaka leo inaniuma.

Kuboresha kuje baadaye, na kuanze na breki shuu, matairi na shokapu. Ukitaka taa ya LED, angalia kwanza kama taa ya mbele inakula umeme wa magneti moja kwa moja. Kama ndivyo, LED itapepesa kila ukiachia mafuta, hivyo ipitishe kwenye betri yenye chaji nzuri. Vijana, mnanunua ekzosi za kelele huku shuu zimeisha. Mkishuka Kitonga mtasimama na nini? Oili, tapeti, breki. Nimesema na nitarudia.

Na kabla hujanunua hata plagi, nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukafuatilie kadi ya pikipiki isomeke jina lako.