Fundi anajibu: mninga mbichi, kabati la sinki na mawe ya mvule

*Fundi, milango yangu ya mninga ina miezi 4 tu, imepinda na kitasa hakifungi. Nimeuziwa mti mwingine?* (Mama wa Morogoro)

Pole sana, mama. Huenda ni mninga kweli, ila ulirandwa mbichi. Mninga uliokauka hutulia kuliko mbao nyingi, lakini kukauka lazima ukauke. Mbao ya inchi 2 hupangwa kivulini, vijiti katikati upepo upite, ikae miezi na si wiki. Iliyo mbichi ni nzito, ukiishika ina ubaridi, ukiigonga hulia "du" badala ya "ko". Tazama pia pembeni: ile sehemu nyeupe si kiini, na bungua huanzia hapo.

Milango usiirande sasa. Ikisinyaa zaidi utabaki na mwanya. Iache ikauke kwanza.

*Kabati la chini ya sinki: MDF, plaiwudi au marini?* (Dada wa Tanga)

Plaiwudi. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi. Hupokea rangi vizuri mno, lakini maji yakiingia ukingoni huumuka na hairudi tena. Nimeng'oa makabati ya namna hiyo yakamomonyoka mkononi, na inauma kuona fedha ya mtu imeishia hivyo.

Plaiwudi ni matabaka membamba, nyuzi za kila moja zikikingamana na za jirani yake, ndiyo maana haitanuki ovyo. Dukani usidanganywe na uso. Tazama ukingo, uone kama matabaka yana mapengo. Omba kipande, ukichemshe kwa saa kadhaa. Kikiachana, gundi yake haihimili maji. Neno "marini", yaani plaiwudi inayosemwa inahimili maji, peke yake lisikuridhishe: hata ile nyeusi ya kumwagia zege huitwa hivyo.

*Paina inafaa kuezekea?*

Inafaa ikiwa imetiwa dawa; yenyewe haina kinga dhidi ya mchwa. Ukiikata, paka dawa kwenye mkato.

*Nikipasua mvule msumeno unakuwa butu ghafla. Nimenunua vibaya?* (Fundi kijana, Mwanza)

Hapana, mdogo wangu. Mvule hubeba mawe ndani, madini ya chokaa yaliyoganda, mara nyingi pale mti ulipojeruhiwa. Ukiona mbao imekoza rangi sehemu moja, punguza mwendo, na uvae miwani.